Dhoruba Ambayo Haikuwamo Kwenye Picha

Kwa miaka thelathini na minne, utabiri wa asubuhi haukutoka katika kile kituo cha hali ya hewa bila jina moja la ukoo kuandikwa chini yake. Miaka kumi na tisa ya mwanzo lilikuwa jina la marehemu, mkuu wa meza ya utabiri, mtu wa suruali zilizonyooshwa na maneno machache. Miaka kumi na mitano iliyofuata lilikuwa la mjane wake, ambaye suruali hakuvaa na maneno yake hayakuwa machache hata kidogo.

Kazini walimwita Bi Radi. Hawakumwita hivyo mbele yake, naye hakuwahi kuonyesha kwamba anajua, ingawa moyoni alilipenda sana. Aliona lina hadhi. Hakuna aliyepata ujasiri wa kumweleza kwamba lilitungwa siku alipomkaripia mfagizi kwa kuhamisha kiti cha marehemu, sauti ikasikika hadi kwenye maegesho ya magari.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, shahada mbili ukutani, na hadithi moja. Hadithi yenyewe ilikuwa ya siku ya uwanja. Miaka kumi na saba nyuma, siku ya kufungua uwanja mpya wa michezo, marehemu alitazama picha mbili za setilaiti zilizopishana kwa nusu saa, akaona kidoa cheupe kimenenepa, akapiga simu kuagiza watoto wa shule waondolewe uwanjani kabla ya saa tisa alasiri. Saa tisa na robo ilishuka mvua ya mawe ambayo mji ule haujaiona tena. Bi Radi aliwasimulia hadithi hiyo waajiriwa wapya wote, wageni wote, na fundi mmoja aliyekuja kurekebisha feni. Mwaka wa kwanza mawe yalikuwa kama punje za mahindi. Mwaka wa tano yalikuwa kama ndimu. Siku hizi yalikuwa yanakaribia ngumi ya mtu mzima, na yeye mwenyewe alishaanza kuogopa yataishia wapi.

Basi ikaja habari ya setilaiti mpya.

Ilikuwa irushwe mwakani. Ile ya zamani ilikuwa na macho kumi na mawili, kila jicho likiona mwanga wa aina yake: moja linaona joto la vilele vya mawingu, jingine unyevu wa angani, jingine ukungu. Mpya ingekuwa na macho kumi na sita, na ingeleta picha kila baada ya dakika kumi. Mkuu wa kituo alisema si jambo la busara watabiri kuanza kujifunza siku chombo kitakapoanza kazi. Kwa hiyo zilitengenezwa picha za mfano. Kompyuta ingeulizwa: kama setilaiti hiyo ingekuwa juu siku fulani, ingeona nini? Watu wangezoea mapema, kama bwana harusi anayezoea viatu vipya sebuleni.

Mwisho wa tangazo palikuwa na sentensi fupi. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, asiyefaulu mtihani wa picha hizo hatatia saini utabiri. Atahamia chumba cha kumbukumbu, kule chini kwenye makabati, akapange karatasi za mvua za miaka iliyopita.

Bi Radi aliisoma sentensi ile mara tatu, akavua miwani, akaifuta, akaisoma mara ya nne. Kisha akatangaza chumba kizima kisikie, "Mimi nitafaulu nikiwa nimefumba macho."

Maneno hayo baadaye aliyakumbuka mara nyingi.

Jambo lililomtia kero zaidi ni kwamba picha hizo zilikuwa zinatengenezwa na binti yake wa pekee. Binti alikuwa na miaka thelathini na mmoja, alirudi nyumbani baada ya masomo, na alifanya kazi katika jengo la pili, ghorofa ya juu, na watu watatu wasiozungumza. Majirani walipouliza, Bi Radi alijibu kwamba mwanawe yuko katika mambo ya anga. Hakutaka kuingia ndani zaidi, kwa sababu hata yeye hakuwa na hakika ni heshima au ni aibu.

"Hebu nieleze tena," alimwambia mezani siku tangazo lilipotoka. "Siku hiyo setilaiti haikuwapo."

"Haikuwapo, Mama."

"Na picha unayo."

"Ninayo. Modeli ya kompyuta inajua hewa ilivyokuwa: hapa joto kiasi hiki, hapa unyevu, hapa wingu la barafu. Mimi nahesabu jicho jipya lingepokea mwanga gani kutoka hapo."

"Kwa hiyo unachora."

"Sichori, nahesabu."

"Mtoto wa mtabiri anatengeneza mawingu yasiyokuwapo. Baba yako angekuwa hai angesemaje?"

"Angeuliza nimetumia modeli gani," binti akajibu, akaendelea kumenya chungwa.

Ni kweli angeuliza hivyo hivyo. Bi Radi alijifanya hakusikia.

Mafunzo yalikuwa ya wiki tatu, katika chumba kirefu chenye pazia zito na viti vya kukunja. Mkufunzi aliletwa kutoka makao makuu. Alikuwa mtu mpole aliyebeba chupa ya maji ya uvuguvugu, na alikuwa na tabia ya kunyamaza baada ya kuuliza swali, akangoja, hata mtu akajikuta anajibu ili mradi kimya kile kiishe. Bi Radi alikaa kiti cha nyuma kabisa, kama mkaguzi. Jirani yake alikuwa kijana wa zamu ya mchana ambaye ofisi nzima ilimwita Nukta, kwa kuwa hajawahi kutaja joto la siku bila kuongeza nukta na tarakimu nyuma yake.

"Mawingu haya yamepigwa pasi," Bi Radi alimnong'oneza siku ya kwanza. "Tazama kingo zake. Umeona wapi wingu lenye adabu namna hii?"

"Lakini Madamu, huu unyevu wa katikati unaonekana vizuri kuliko—"

"Nukta."

"Naam, Madamu."

"Usiniharibie."

Lakini kila asubuhi alifika wa kwanza, na daftari lake lilijaa. Macho mapya matatu yalikuwa ya unyevu: moja la juu, moja la katikati, moja la chini. Alipoona kwa mara ya kwanza ulimi mkavu wa hewa ukipenya katikati ya anga huku juu yake na chini yake pakiwa na maji tele, alisahau kudharau kwa muda wa karibu dakika nzima. Kisha akakumbuka, akajikohoza.

Nyumbani aliweka sheria. Binti asitamke neno lolote kuhusu picha, wala tarehe, wala mtihani. "Nikifaulu, watu watasema nimepewa majibu na mwanangu. Katika nyumba hii hatupiti mlango wa nyuma."

Siku ya mtihani, wakinywa chai ya asubuhi, binti aliweka kikombe chini.

"Mama, jambo moja tu."

"Usiniambie."

"Si jibu. Ni kuhusu tarehe zinazoandikwa pembeni—"

"Nimesema usiniambie."

"Nilitaka tu kusema kwamba ukiiona tarehe unayoijua—"

"Wewe mtoto," akasema Bi Radi, akisimama na mkoba, "jina la baba yako halitachafuliwa na kikombe cha chai." Akatoka, kichwa juu, akiwa amekataa kwa heshima zote ushauri wa pekee ambao ungemfaa.

Mtihani ulikuwa na picha sita na saa mbili za kuandika. Kila picha ilikuwa na maswali yale yale: unaona nini, unajuaje, nini kitafuata. Kufaulu ilitakiwa kupatia nne. Ya kwanza ilikuwa ukungu bondeni, akaimaliza upesi. Ya pili ilikuwa mawingu membamba ya juu, akaimaliza kwa madaha. Akabonyeza ya tatu, macho yakaenda moja kwa moja kwenye pembe ya kushoto juu, palipoandikwa tarehe na saa.

Ilikuwa siku ya uwanja. Saa nane na nusu mchana.

Aliona kama marehemu mwenyewe amemsogezea kiti. Akashika kalamu, na tangu hapo hakuitazama picha tena ila kwa heshima, kama mtu anavyotazama picha ya ndugu ukutani. Aliandika kurasa mbili. Aliandika kidoa cheupe, aliandika kilivyonenepa, aliandika saa tisa na robo, ukubwa wa mawe, hata upepo uliong'oa hema la wageni na upande lilikoangukia. Alipotupa jicho na kuona kwamba juu ya mji palikuwa pakavu na kijivu kama kitambaa cha deki, hakubabaika. Aliandika kwamba dhoruba ingali changa mno na bado haijajitokeza kwa macho ya juu. Chini akaongeza sentensi ambayo hakuna aliyemwomba: "Kama alivyoonya mapema mtabiri wa zamu siku hiyo, mtu aliyeheshimika na wote."

Zilikwenda dakika hamsini. Ya nne akaikosea kwa haraka, ya tano akaipatia, na ya sita alikuwa ameandika mstari mmoja mkufunzi alipokusanya karatasi.

Matokeo yalisomwa keshokutwa yake, kwa namba tu, bila majina. Namba yake ilikuwa na picha tatu kati ya sita. Alifikiri wamekosea kusoma. Kabla hajanyanyua mkono, mkufunzi aliweka picha ya tatu kwenye skrini kubwa.

"Kuna jibu moja hapa ningependa tulisikie," alisema. "Sitamtaja mwenyewe." Akasoma.

Aliposoma kidoa cheupe, mtu mmoja alicheka kidogo. Aliposoma hema la wageni, watu watatu waliinamia viatu vyao. Alipofika kwa mtu aliyeheshimika na wote, chumba kizima kilikuwa kinatazama mbele kwa bidii ya ajabu, shingo zimekakamaa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kugeuka nyuma. Nukta alipatwa na kikohozi.

Bi Radi akasimama. Aliona heri asimame mwenyewe kuliko kutambuliwa ameketi.

"Lakini mvua ilinyesha," akasema.

"Ilinyesha, Mama."

"Na mawe yalianguka."

"Yalianguka. Nimesoma taarifa zote za siku ile." Mkufunzi akanywa maji yake. "Kwenye picha hii yako wapi?"

Akanyamaza, akangoja. Bi Radi akatazama skrini. Alitazama kusini, akatazama magharibi, akatazama mahali palepale ambapo kwa miaka kumi na saba alikuwa akiwaonyesha watu kwa kidole. Hapakuwa na kitu.

"Modeli iliikosa dhoruba ile," mkufunzi akasema taratibu. "Niliomba siku ya namna hiyo. Nilitaka kuona nani anasoma picha na nani anasoma tarehe."

"Kwa hiyo mlitutega."

"Ndiyo, Mama. Tuliwatega."

Watu ishirini na wanane walikuwa wamefanya mtihani. Aliyenaswa alikuwa mmoja. Wengine walikuwa wadogo mno kuikumbuka siku ile, na waliokuwa wakubwa waliijua kwa kusimuliwa na yeye, tena mara nyingi kiasi kwamba walishaacha kuisikiliza.

Jioni hiyo aliandika barua ya rufaa. Ilikuwa kurasa tatu, kwa wino wa bluu, na neno "heshima" lilitokea mara tisa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtihani hauwezi kumwadhibu mtu kwa kusema kweli. Alipoisoma tena aliona ni barua nzuri sana, akaisoma mara nyingine kwa starehe tu.

Mkuu wa kituo alikuwa amefundishwa kazi na marehemu. Alimwita Ijumaa asubuhi, akafunga mlango, akamkaribisha kiti kwa mikono miwili.

"Madamu, mimi nikikuona kule chini kwenye makabati nitaona haya maisha yangu yote."

"Hata mimi nitaona haya."

"Kuna njia. Ikiandikwa kwamba picha ya tatu ilikuwa na kasoro, kila aliyefanya anapewa alama yake. Wewe unafika nne. Mambo yamekwisha."

"Lakini kasoro ilikuwapo kweli," Bi Radi akasema. "Picha ya siku ya uwanja isiyo na mvua ya uwanja, hiyo si kasoro?"

"Sasa umesema vizuri," Mkuu akajibu, akichukua kalamu.

Alirudi nyumbani mwepesi. Njiani alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye kazi yake kubwa tangu astaafu ilikuwa kuulizia habari za ukoo.

"Shemeji, jina limesimama," akamwambia.

"Kwani lilikuwa limelala?"

"Lilitaka kulala. Nimeliwahi."

"Ndiyo maana kaka alikuoa," shemeji akasema, na Bi Radi akatembea njia yote iliyobaki kama aliyepewa nishani.

Kesho yake, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, alimkuta binti yake kwenye meza ya kulia, kompyuta wazi mbele yake na karatasi moja pembeni. Kalamu ilikuwa mkononi lakini hakuwa anaandika.

"Mama, naomba unisaidie kujaza."

"Kitu gani?"

"Fomu ya kasoro. Nimeletewa jana jioni. Inasema picha ya tatu niliyotengeneza ilikuwa mbovu, na mimi natakiwa kueleza ni kasoro ya aina gani." Alisoma kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hesabu ya mwanga, mpangilio wa ramani, au nyinginezo. Niandike ipi?"

Bi Radi akavuta kiti, akakaa.

"Andika nyinginezo."

"Kwenye nyinginezo wanataka maelezo."

"Andika... mashine ilipata joto."

"Haikupata joto."

"Umeme ulikatika."

"Ungekatika kusingekuwa na picha yoyote." Binti hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kustahimili. Angepiga meza, mama yake angejua la kufanya. Kwa kupiga meza hakuwa na mpinzani.

"Fomu hii inakwenda wapi?"

"Inaambatanishwa na picha zote. Zikitumwa vituo vingine, nayo inakwenda. Ili wajue nani alikosea."

Bi Radi akaichukua ile karatasi, akaisogeza mbali kidogo na macho, kama afanyavyo akiwa hana miwani. Chini kabisa, juu ya mstari wa saini, jina la mwanawe lilikuwa limepigwa chapa tayari. La kwanza lilikuwa la binti. La ukoo lilikuwa lile lile. Lilikuwa lile lililokuwa chini ya utabiri kwa miaka thelathini na minne, lile ambalo jana tu alikuwa amelinyanyua likasimama, na sasa aliona amelisimamisha kwa kukanyaga upande wake wa pili.

Akasogeza kiti chake karibu na kompyuta, karatasi ingali mkononi.

"Hebu nionyeshe hiyo picha," akasema mwishowe.

Binti akaifungua. Kabla haijatokea vizuri, aliweka kidole gumba kwenye pembe ya kushoto juu, akaiziba tarehe.

"Unaona nini, Mama?"

"Ondoa kidole, najua ni siku gani."

"Mimi siulizi siku gani."

Bi Radi akavaa miwani. Alikuwa amesoma picha za mawingu tangu mtoto huyu hajazaliwa, na kazi yenyewe, akiacha maneno, aliijua. Ila ilimchukua muda kuyaacha maneno. Mara mbili alifungua mdomo kutaja hema, mara mbili akaufunga.

"Naona mji mkavu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mawingu mepesi kusini, hayana nguvu. Nipe jicho la unyevu wa katikati." Binti akabadilisha. "Hapa magharibi kuna hewa kavu inashuka, inakandamiza kila kitu. Wingu likijaribu kupanda hapa litakatwa kichwa. Kwa picha hii, alasiri ni shwari. Ningewaambia watu waende uwanjani." Akavua miwani. "Ningewaua."

"Usingewaua. Ungetazama na vitu vingine. Baba alitazama vingine."

"Modeli ilikosea."

"Modeli ilikosea. Lakini picha ni sahihi. Inaonyesha sawasawa kile modeli ilichokosea."

"Na wewe ulijua."

"Niliombwa siku ambayo modeli ilikosea sana. Nilijua moja. Nimekua nikiisikia." Binti akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Nilitaka kukuonya, ukaniambia habari za kikombe cha chai."

"Nakumbuka nilichosema."

"Ulisema vizuri sana."

"Nyamaza," akasema Bi Radi, lakini hakuachia fomu. Aliikunja mara mbili, akaitia katika mkoba wake. "Usijaze kitu. Na ondoa kidole hicho, unachafua kioo."

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Mkuu kabla Mkuu hajafika.

"Nimekuja kufuta barua yangu," akamwambia.

Mkuu akashika kitasa bila kukizungusha. "Kurasa zote tatu?"

"Hata anwani."

"Madamu, nimeshawaambia makao makuu kuna kasoro."

"Kasoro ipo. Ina miaka hamsini na saba na imevaa viatu vyeusi." Akampa fomu iliyokunjwa. "Nipangie mtihani wa marudio."

Mtihani wa marudio alipangiwa Alhamisi, na aliufanya peke yake, katika chumba kile kirefu, viti ishirini na saba vikimtazama. Msimamizi alikuwa Nukta. Katika kituo kizima, huyo ndiye mtu wa mwisho ambaye Bi Radi angemkubali awe msimamizi wake, na bila shaka ndiyo maana mkufunzi alimchagua. Nukta alikuwa ameogopa kuliko mtahiniwa.

"Madamu, una saa mbili... yaani dakika mia moja na ishirini."

"Nukta sifuri?"

"Nukta sifuri, Madamu."

Kabla hajaanza, alitoa mkobani kipande cha plasta ya kidonda, akakibandika kwenye pembe ya kushoto juu ya skrini. Nukta alitaka kusema kitu kuhusu mali ya ofisi, akaamua kutazama dirishani.

Zilikuwa picha sita nyingine. Kila ilipotokea mpya, kichwa chake kilikimbilia kwenye kabati la kumbukumbu na kuanza kupekua: hii ni mwaka gani, hii si ile wiki ya mafuriko, hii si ile zamu ya marehemu? Ikabidi akiite kirudi, kama mtu anayeita mbuzi. Ya pili alijua ameikosea hata alipokuwa anaiandika. Ya nne ilimsumbua zaidi ya zote. Ilikuwa picha ya anga tulivu, haina hata kinachofanana na tukio. Aliitazama kwa macho yote kumi na sita, moja baada ya jingine, akitafuta mtego. Mtu wa heshima zake hawezi kupewa picha tupu. Dakika ishirini na tano zikapita. Mwishowe akaandika sentensi fupi kuliko zote alizopata kuandika tangu shule ya msingi: "Sioni kitu." Akaitazama. Akashindwa kuvumilia, akaongeza "cha kutia shaka", kisha akakata yale aliyoongeza.

Alipata nne. Hazikuzidi hata nusu. Mkufunzi alimpa cheti mkononi, akamwambia picha ya nne ilikuwa ngumu, watu wengi huijaza dhoruba.

Shemeji alipiga simu jioni. "Wangapi walikuwa mbele yako?"

"Wote, shemeji."

"Wote?"

"Hata aliyelala mtihanini."

"Basi tusiseme sana habari hiyo," shemeji akashauri.

"Nimeshaisema kwa majirani wawili," Bi Radi akajibu, na ilikuwa kweli. Huyo wa pili Bi Radi alikuwa amemweleza pia binti yake anafanya kazi gani hasa, kuanzia modeli hadi mwanga. Maelezo yalichukua dakika arobaini, na jirani alimwambia chakula chake kinaungua.

Tarehe mosi ilikuwa zamu yake ya asubuhi. Alifika saa kumi na moja na nusu, akawasha taa, akapitia picha za setilaiti ya zamani, ile yenye macho kumi na mawili ambayo bado ilikuwa pekee iliyopo juu, akapitia vipimo vya vituo, akapitia modeli. Unyevu kidogo wa upande wa kusini aliuona, akaupita. Aliandika: asubuhi jua, alasiri kavu, upepo hafifu. Akatia saini, jina lote, kwa mwandiko ambao wakati wote ulikuwa mkubwa kidogo kuliko nafasi iliyotolewa.

Saa tisa na dakika ishirini mvua ikaanza. Haikuwa ya mawe, wala ya kusimuliwa. Ilikuwa mvua ya kawaida, nene, ya dakika thelathini, iliyotosha kulowesha kila mtu aliyekuwa ameiamini ofisi. Bi Radi, aliyekuwa hajaondoka ingawa zamu yake ilikwisha, alikuwa dirishani, mikono nyuma. Nukta, aliyekuwa ameingia zamu ya mchana, alijishughulisha na droo isiyokuwa na kitu.

Simu ya mezani ikalia. Nukta akanyoosha mkono, Bi Radi akawahi.

"Hali ya hewa, nikusaidie nini?"

Alikuwa mwanamke, na nyuma yake yalisikika maji yakigonga bati. "Dada, mimi leo nimefua mapazia ya nyumba nzima. Kumi na manne. Nimesikia kwenye redio mmesema alasiri kavu. Sasa hivi yako kwenye kamba yanaoga mara ya pili."

Kwa simu za namna hii Bi Radi alikuwa na jibu la siku zote, tamu na refu, linaloanza na ukubwa wa eneo la utabiri na kuishia kwa mpiga simu kuomba radhi. Lilikuja lenyewe hadi ulimini. Alilishikilia hapo.

"Nilikosea," akasema.

Sauti ya mwanamke ikajikwaa, kama mtu aliyesukuma mlango akakuta umeachwa wazi.

"Ulikosea wewe, au hiyo mitambo yenu?"

"Mimi. Niliuona unyevu nikaudharau."

"Sasa nikitaka kulalamika niseme nimeongea na nani?"

Bi Radi akaketi. Akalitaja jina lake, kisha la ukoo, polepole, herufi moja moja, ili mwenye mapazia apate kuliandika bila kulikosea.